Nukta ya Penseli

Tuanze na penseli yenyewe. Ilikaa juu ya sikio lake la kulia, imepenyezwa kwenye kitambaa cha kichwa, na ilikuwa imekaa hapo miaka ishirini na miwili, tangu alipoajiriwa kuwa karani wa dirisha la kadi pale zahanati. Si penseli ile ile, jamani, penseli huisha. Lakini mahali palikuwa pale pale, mpaka watu wakasahau jina alilopewa na wazazi wake wakamwita Mama Penseli. Hata daktari mkuu, mtu asiyejua utani unaliwa na nini, alimwita hivyo mbele ya wageni.

Kazi yake ilikuwa hii: mgonjwa anafika dirishani, anataja jina, naye anatafuta kadi katika maboksi ya viatu yaliyopangwa kwa miezi, anaandika kwenye daftari kubwa la jalada la kijani, anatoa namba ya foleni. Ukimtazama kwa mbali utasema ni kazi ya kukaa. Haya, kaa wewe basi. Kaa pale siku moja ya kliniki ya akina mama, kwenye dirisha la upana wa kitabu, nyuso thelathini zikikupumulia, kila mmoja akiapa kwamba yeye ndiye aliyefika wa kwanza. Halafu mmoja anainama, anashusha sauti, anakuambia jambo ambalo hajamwambia hata mtu anayelala naye kitanda kimoja. Kazi yenyewe ilikuwa hapo. Kadi mtu yeyote anaweza kuzipanga.

Na Mama Penseli alikuwa na kifua. Jambo likiingia kwake limeingia, hata umtikise vipi. Mumewe, kabla hajatangulia mbele ya haki, alizoea kusema kwamba ameoa kabati lililopotea ufunguo, na alisema hivyo kwa kujivunia.

Sasa, miaka michache nyuma ilishuka amri kutoka juu: bila namba ya simu, hakuna kadi. Walioitoa amri hiyo wana simu mbili mbili mifukoni. Hawakujua kwamba kuna nyumba zenye simu moja tu, na simu hiyo haikai kwa mama. Basi wanawake wakawa wanataja namba yoyote wanayoikumbuka kwa kichwa: ya mume, ya mama mkwe, ya kaka wa mume. Mama Penseli aliziandika, maana amri ni amri, ila kwa wale waliomnong'oneza alichomoa penseli sikioni na kuweka nukta moja ndogo chini ya tarakimu ya mwisho, mwenyewe akiona. Nukta ndogo kweli, ungedhani nzi kapita. Maana yake ilikuwa: namba hii usiipige, hata dunia ikiwaka moto.

Wauguzi wawili waliokuwa wakipigia wagonjwa simu aliwafundisha maana hiyo kwa mdomo, kila mmoja kivyake, mlango ukiwa umefungwa. Hakuiandika popote. Siri ikishaandikwa maelezo si siri tena, ndivyo alivyoona. Katika daftari zima nukta zilikuwa kumi na saba.

Mojawapo ilikuwa ya fundi cherehani.

Fundi alikuwa na kibanda chake karibu na stendi, mwanamke mwembamba wa miaka thelathini na kitu, mcheshi, anayeongea huku pini zimejaa mdomoni. Alikuwa na watoto watano. Huyo wa tano nusura aondoke naye. Alivuja damu mpaka wauguzi wakawa wanakimbia korido nzima kuuliza nani ana kundi gani la damu, na daktari mkuu aliandika kwenye faili lake kwa kalamu nyekundu kwamba asizae tena. Mume aliambiwa hapo hapo koridoni. Alisikiliza kwa adabu, akashukuru, akasema madaktari kazi yao ni kutisha watu, watoto hutoa Mungu.

Kwa hiyo kila baada ya miezi mitatu fundi alifika dirishani akiwa na kapu la vitambaa.

“Dada, nimekuja kununua uzi,” alisema.

“Rangi gani?” aliuliza Mama Penseli, bila kuinua macho.

“Ile ile.”

Kadi ilitoka, sindano ikachomwa chumba cha tatu, kadi ikarudi boksini, maana kadi ya fundi haikuwahi kuvuka mlango wa zahanati. Miaka miwili na nusu mchezo ulikuwa huo. Fundi hakuwa na cha kumlipa, ila kila sare ya Mama Penseli ikianza kufumuka pindo aliichukua mwenyewe na kuirudisha imenyooka kama mpya.

Mama Penseli alikuwa na mtoto mmoja tu, binti wa kidato cha nne aliyemwita Mwanasheria wangu kwa sababu hakuna neno lililopita mbele yake bila kupingwa. Waliishi vyumba viwili nyuma ya duka la kutoa fotokopi. Mwaka ule Mwanasheria alirudi kutoka shuleni na karatasi yenye nembo, amepagawa kwa furaha. Kulikuwa na mashindano ya wanafunzi ya kuandika programu za kompyuta, lakini si programu za michezo, bali za kuisaidia jamii. Timu ziwe za watu watatu. Washindi wangepata kompyuta, na programu yao ingewekwa kazini kwelikweli, mahali pa kweli, kwa watu wa kweli.

“Sisi tunatengeneza ya zahanati, Mama,” alisema, hata mkoba hajautua. “Si wewe kila siku unalalamika kwamba akina mama wanasahau tarehe? Mfumo utawajua wote. Utahesabu nani kakosa, kakosa mara ngapi, na kwa nini.”

“Kwa nini haihesabiki,” alisema Mama Penseli.

“Pingamizi limetupwa.”

Alicheka. Angefanyaje? Mtoto wake wa pekee anataka kumpunguzia kazi. Alimwomba ruhusa daktari mkuu, naye akasema waache watoto wahesabu, ilimradi karatasi zisitoke nje ya jengo. Basi Jumamosi tatu mfululizo wasichana watatu walikaa kwenye benchi la chumba cha kadi na kompyuta ya kuazima: Mwanasheria, rafiki yake wa miwani aliyeitwa Miwani, na mwingine mkimya aliyekuwa na kazi ya kusoma namba kwa sauti huku wenzake wakiandika. Mmoja wa waandaaji alikuwa amewaambia kwamba takwimu za kubuni hazina maksi, majaji wanataka za kweli. Mama Penseli aliwapikia chai kwenye jiko la wauguzi na kuona fahari, maana sauti za watoto mle ndani zilimfurahisha.

Jumamosi ya pili yule mkimya alinyamaza katikati ya namba. Aliinamisha uso karibu na daftari, akalikwaruza kwa ukucha.

“Mama, hizi alama ndogo za penseli ni nini?”

Mama Penseli alikuwa ameshika birika. Alimtazama yule msichana, akamtazama na binti yake, na kifua chake, kile cha kujivunia, kikajifunga chenyewe kama kilivyozoea.

“Ziache hizo,” alisema. “Ni zangu.”

Binti yake aliitikia kwa kichwa, yule mkimya akaendelea kusoma. Namba mia mbili na kumi na mbili ziliingia kwenye kompyuta, zote safi, zote sawa, na nukta zikabaki kwenye karatasi. Mama Penseli hata hakuwaza zaidi. Watoto wanahesabu, na anayehesabu namba haipigi. Alimimina chai.

Lakini wiki ya mwisho kabla ya shindano nyumbani kulianza minong'ono. Akiingia, Mwanasheria anafunga kompyuta. Akiuliza, anaambiwa utaona mwenyewe, Mama, ni zawadi yako. Miwani alikuja na kucheka bila sababu, akaondoka akicheka. Mama Penseli si mtu wa kuota ndoto na kuzitafsiri, ila juma lile alikuwa na wasiwasi, asijue wa nini. Alidhani ni mahangaiko ya mzazi. Mtoto asimame mbele ya watu, ashindwe, alie.

Siku ya shindano alivaa gauni la harusi za watu na kwenda. Ukumbi wa chuo ulikuwa na viti vilivyofungwa kwa vitambaa vyeupe, kipaza sauti kinacholia vibaya, na skrini pana ukutani. Timu ya kwanza walileta programu ya kuonyesha visima vyenye maji safi. Ya pili walikuwa na ya kuwasaidia viziwi kuita gari la wagonjwa, ikagoma kufunguka, wakatoka wamejikunyata. Mwalimu wa kompyuta wa shule yao, kijana mwenye tai fupi, alikaa kando ya Mama Penseli akitafuna kucha.

Wasichana walipanda. Mwanasheria akashika kipaza sauti, na sauti yake haikutetemeka hata kidogo.

Alieleza vizuri. Alisema akina mama wangapi wanakosa tarehe, na mmoja wa majaji akatikisa kichwa kwa huzuni. Alisema mama yake amekaa dirishani miaka ishirini na miwili akiwasubiri watu wasiokuja. Watu waligeuka kumtazama, naye akainamia mkoba wake kwa aibu tamu.

“Lakini kuhesabu hakumponyi mtu,” alisema Mwanasheria. “Kwa hiyo tumeongeza kitu. Kila mama atapata ujumbe, kwa jina lake, kuhusu huduma yake na tarehe yake. Na hatutaki kuwaonyesha mfano. Tutafanya kweli, sasa hivi, mbele yenu.”

Akabonyeza kitufe.

Kwenye skrini ikatokea sufuri, kisha tano, kisha kumi na mbili, na chini yake maneno: vikumbusho vilivyofika. Arobaini. Sabini na moja. Namba zilipanda na watu wakaanza kuhesabu kwa pamoja, kama kwenye mechi, wengine wamesimama.

Mama Penseli alimshika mwalimu mkono. “Zinakwenda wapi hizo?”

“Kwa wenyewe, mama!” Mwalimu macho yalimng'aa. “Kwa akina mama wenyewe! Kampuni ya simu imetupa ujumbe bure.”

“Zote?”

“Zote!”

Mia moja na thelathini. Alitaka kupiga ukelele, na ukelele haukuja, maana ukelele nao ungekuwa wa kutoboa siri. Mia mbili na kumi na mbili. Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Saa ya ukutani ilionyesha saa tano na dakika kumi, na yeye alikuwa tayari anapenya kati ya magoti ya watu kuelekea mlangoni. Jukwaani, binti yake alimtafuta kwa macho ili wacheke pamoja, akakuta kiti kitupu.

Kibandani, fundi alikuwa anacheka na mteja. Cherehani inalia, redio inaimba, pini mdomoni. Alipomwona Mama Penseli na gauni lake la harusi, jasho linamtiririka, alizitema pini kiganjani.

“Makubwa! Dada, leo nani kaoa?”

Mama Penseli alisubiri mteja aondoke. Akamweleza, kwa maneno machache, kwa sababu hayakuwa mengi. Fundi alizima redio.

“Saa ngapi?”

“Saa tano na dakika kumi.”

“Yuko kazini. Simu anayo yeye.” Alitazama barabarani, kushoto, kisha kulia. “Ujumbe unasemaje?”

“Jina lako. Na sindano. Na tarehe, Jumatano.”

“Na aina ya sindano?”

Mama Penseli aliinamisha kichwa kukubali.

“Nitamwambia wamekosea,” alisema baadaye. “Nitasema ni kosa letu. Mdogo wangu, akikupiga, uje moja kwa moja kwangu, usiku au mchana.”

“Hapigi, dada,” alisema fundi. “Angekuwa anapiga, ningeshajua la kufanya.” Alichukua sare ya Mama Penseli iliyokuwa juu ya meza, akavuta kiti, akaanza kushona pindo kwa mkono. Mishono ilitoka sawa. “Ngoja nimalize hii angalau.”

Alikuwa amefika nusu ya pindo mumewe alipoingia.

Alikuwa msoma mita wa idara ya maji. Kazi yake ilikuwa kuzunguka nyumba kwa nyumba, kuinama kwenye kila kona yenye bomba, kusoma tarakimu na kuziandika kwenye kitabu chake kidogo. Mtu nadhifu, kalamu mbili mfukoni, sauti ya chini. Hakuwa na haraka.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba.”

“Habari za nyumbani? Binti hajambo? Nasikia yuko kwenye mashindano.”

“Hajambo.”

Alivuta stuli akaketi. Akatoa simu, akaisoma kwa sauti kama anavyosoma mita, bila kupandisha wala kushusha: jina la mke wake, sindano yako ya uzazi wa mpango ni Jumatano, usikose, afya yako ni furaha yetu.

“Ni hayo mashindano,” alisema Mama Penseli. “Watoto wamejaribisha mitambo yao. Namba zimechanganyika, mwanangu, watu wengi tu wamepata ujumbe usio wao. Ndiyo maana umenikuta hapa, nazunguka kuomba radhi.”

“Watoto,” alisema yule mwanamume, akitabasamu kidogo. “Namba zinachanganyika, hilo ni kweli. Mimi namba ndiyo kazi yangu. Unasoma mita ya jirani unaandika kwa huyu.” Aliiweka simu juu ya meza, uso juu. “Ila namba yangu na jina la mke wangu, pamoja, mstari mmoja. Hapo hapajachanganyika kitu.”

Kando ya barabara mtu alikuwa anapaka rangi kibao cha duka, anapiga mluzi.

“Tangu lini?” alimuuliza mkewe.

Fundi alichoma sindano kwenye pindo. “Miaka miwili na nusu.”

Alitikisa kichwa polepole. Mtu angedhani ameambiwa bei ya kitambaa. “Nilikuwa najiuliza,” alisema. “Nilikuwa nadhani ni mimi.” Akasimama, akanyoosha shati lake. “Funga duka, mama watoto. Twende nyumbani.”

Fundi alifunika cherehani, akafunga dirisha. Sare aliiweka mikononi mwa Mama Penseli, sindano bado imo ndani ya pindo, uzi unaning'inia. Mlangoni mume alisimama kando ili mke apite kwanza, kisha akamgeukia karani.

“Kwaheri, mama. Hongera kwa binti,” alisema.

Siku hiyo Mama Penseli alizitembelea nukta zote kumi na sita zilizobaki, na kesho yake pia. Mmoja alicheka mpaka akakaa chini, mume wake hajui kusoma. Wawili simu zilikuwa zimeibwa zamani. Mwingine alimtukana tusi zito kupitia tundu la mlango, naye alilipokea, akaona ni haki yake. Mmoja mama mkwe ndiye aliyepata ujumbe, akaufuta, akasema hata yeye angepata sindano hizo enzi zake angechoma. Kumi na sita walikuwa salama, au karibu na salama. Mtu mwingine angeshukuru. Yeye alikuwa anawaza huyo wa kumi na saba.

Na nyumbani kulikuwa na sherehe. Walikuwa wameshinda, unadhani nini? Kompyuta mpya ilikuwa mezani bado imevaa plastiki, na cheti kimeegemezwa kwenye birika.

“Ulikwenda wapi, Mama?” aliuliza Mwanasheria. “Nilikutafuta.”

Hapo angeweza kusema. Lakini ili aseme ilibidi ataje nukta, na nukta ina mtu, na mtu huyo si mali yake. Isitoshe alimtazama mtoto usoni, uso unaong'aa hivyo, akaona hawezi. Alijidanganya kwamba anamlinda.

“Tumbo liliniuma,” alisema.

Jumatano ilifika. Mama Penseli alitoa kadi ya fundi asubuhi na mapema, akaiweka kando ya daftari. Kila mlango ulipolia aliinua macho. Saa tisa alifunga dirisha, kadi bado ipo pale. Alhamisi alimweleza muuguzi wa zamu, mmoja wa wale waliojua maana ya nukta, na muuguzi alikwenda nyumbani kwa msoma mita kwa kisingizio cha chanjo za watoto. Alirudi, akaketi kwenye benchi.

“Mume alinikaribisha vizuri,” alisema. “Alinipa soda. Anasema wamekubaliana.”

“Na yeye mwenyewe?”

“Alikaa pale pale. Alikuwa anatazama mikono yake.”

Mama Penseli alikwenda mwenyewe mara mbili. Mara ya kwanza mume alimwambia mlangoni kwamba mama watoto amepumzika. Mara ya pili alimwambia vivyo hivyo, kwa maneno yale yale, kwa heshima ile ile, na nyuma yake pazia lilisogea na kutulia. Sauti ya cherehani haikusikika. Kibanda cha karibu na stendi kilikaa na kufuli miezi miwili, halafu mtu mwingine akakichukua, akawa anauza vifuniko vya simu. Sare haikushonwa tena. Mama Penseli aliivaa hivyo hivyo, nusu ya pindo imekaa, nusu inaburuta, na wenzake wakimuuliza anasema hajapata fundi.

Programu nayo iliwekwa kazini, kama ilivyoahidiwa. Wakaja watu wenye tai, wakapiga picha, kompyuta ikawekwa juu ya meza ya dirisha, pale palipokuwa na boksi la Januari. Mwanasheria alimfundisha mama yake kuitumia. Aliyefika anakuwa kijani, aliyekosa anakuwa mwekundu. Mama Penseli akamwambia binti yake kuna namba kumi na sita zimekufa, azifute. Binti alizifuta bila pingamizi, siku hiyo alikuwa na haraka.

Ya kumi na saba hakuitaja. Kuifuta kungekuwa kumfunga mtu faili. Kwa hiyo fundi alibaki pale, mstari mmoja mwekundu, na kila asubuhi mashine ilipowashwa iliuliza jambo lile lile: mteja huyu hajafika, tuma kikumbusho? Palikuwa na ndiyo na hapana. Miezi tisa, kila siku ya kazi, jambo la kwanza alilofanya Mama Penseli, kabla hata ya kuvua kandambili na kuvaa viatu vya kazi, ni kubonyeza hapana.

Mwezi wa kumi tangu shindano, Mwanasheria alikuwa amemaliza mitihani, anasubiri matokeo, akawa anakuja zahanati kuitunza mitambo yake. Alikaa kwenye lile benchi la chumba cha kadi, kompyuta mapajani, anajibishana na mtu yeyote anayepita. Ilikuwa siku ya kliniki ya wajawazito, foleni imefika getini.

“Anayefuata,” alisema Mama Penseli.

“Shikamoo, mama.”

Aliitambua sauti kabla ya kuinua kichwa. Msoma mita alikuwa amesimama dirishani, kalamu mbili mfukoni. Kando yake, amevaa gauni pana ambalo si la mkono wake, alikuwa fundi. Amekonda usoni na mikononi. Tumbo peke yake ndilo lililonenepa.

“Tumekuja kufungua kadi,” alisema mume. “Mwezi wa tano huu. Nimesema safari hii tuje mapema, tusikose hata tarehe moja.”

Mama Penseli alimtazama fundi. Alimtafutia neno lolote, uzi, rangi, chochote. Fundi aliangalia pindo la ile sare, nusu iliyoshonwa na nusu iliyoanguka, akalitazama muda mrefu, midomo imebanwa kana kwamba bado ameshikilia pini.

“Mdogo wangu,” alisema Mama Penseli. “Daktari lazima akuone leo leo. Faili lako lina wino mwekundu.”

“Tunajua,” alisema mume kwa upole. “Tumemwachia Mungu. Andika tu, mama, foleni ni ndefu.”

Alifungua daftari. Aliandika jina. Aliandika umri, na ujauzito wa ngapi, wa sita, kalamu ikakwama kwenye karatasi akaipitisha tena. Akafika kwenye safu ya simu.

“Namba ni ile ile,” alisema mume, akaitaja polepole, tarakimu baada ya tarakimu. Mama Penseli aliiandika. Mkono wake wa kulia ulikwenda wenyewe sikioni, miaka ishirini na mitatu ya mazoea, vidole vikagusa penseli.

“Na ile nukta, mama watoto ameniambia,” alisema msoma mita, “safari hii usiweke.”

Fundi alifumba macho.

Mkono wa Mama Penseli ulishuka mtupu. Aliingiza jina kwenye kompyuta, kama alivyofundishwa, akabonyeza. Nyuma yake, kwenye benchi, binti yake alipiga makofi mara moja, kwa furaha.

“Mama, umeona? Yule wa siku zote amefika! Sasa hatuna mwekundu hata mmoja.”